Ibada ya nyumbani haivuki wiki mbili: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la kwanza, wa pili ana miaka mitatu, wa mwisho miezi tisa. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Dar–Tunduma, kwa hiyo kwa wiki huwa nyumbani siku mbili hivi. Tumeanzisha ibada ya jioni mara kadhaa na kila mara inakufa. Mkubwa anasinzia, wa kati anavuruga, mdogo analia. Baba yao akiwepo anahubiri hadi nusu saa. Akiondoka, mimi naiachia njiani. Mama mkwe tunaishi naye, na anasema nyumba isiyosali pamoja jioni ni ya Kikristo kwa jina tu. Tuna pia binti wa kazi ambaye ni Mwislamu. Sisi ni wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Tuanzie wapi? Na mtoto akilala katikati ya ibada, nimwamshe?
Mama wa watatu, Kibaha

JIBU: Marahaba, mama. Tuanze na saa, maana huko ndiko ibada yenu inakofia kabla hatujagusa habari ya imani.

Mtoto wa miaka sita au saba anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akiamka saa 11 alfajiri kuwahi gari la shule, basi ili apate hata hizo 9 za chini kabisa lazima saa 2 usiku awe ameshalala. Wa miaka mitatu anahitaji saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wake wa mchana. Sasa angalia desturi ya nyumba nyingi: watu wanakula, vyombo vinatolewa, taarifa ya habari ya saa 2 inaisha, ndipo mtu anasema "njooni tusali". Saa hiyo mtoto ana tumbo la ugali na siku nzima ya shule mabegani. Kusinzia kwake hakuna uhusiano wowote na shetani wa usingizi anayekemewa kwenye nyumba fulani.

Kwa hiyo hamisheni ibada iwe kabla ya chakula cha usiku. Watoto wameshaoga, sufuria iko jikoni inamalizikia, saa ni 12:45 jioni au saa 1 kamili. Njaa ndogo huwaweka watoto macho, na chakula kinachosubiri humfupisha msemaji kuliko ombi lolote la mke. Kama kwenu chakula huchelewa hadi saa 2, wapeni watoto kikombe cha uji au ndizi saa 11 jioni. Mwenye njaa kali atalia na mtadhani amekataa neno la Mungu.

Muda wote uwe dakika nane hadi kumi. Najua mama mkwe ataona ni kidogo, na hapo mna hoja nzuri kutoka ndani ya kanisa lenu wenyewe. Martin Luther, ambaye Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alipotoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, aliielekeza kwa mkuu wa nyumba, awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Agizo lake la jioni ni hili: ishara ya msalaba, kisha kwa kupiga magoti au kusimama, Imani na Sala ya Bwana, ukipenda ongeza sala fupi aliyoiandika, halafu ulale mara moja kwa furaha. Yote hayo, kwa mwendo wa kawaida wa kusema, hayazidi dakika nne. Mwaka huo nyumbani kwake kulikuwa na mvulana wa karibu miaka mitatu, Hans, na Magdalena aliyezaliwa mwezi Mei. Alijua anaandikia nyumba za namna gani. Mwambieni mama kwamba hamjapunguza kitu. Mmerudi kwenye kipimo cha zamani.

Mpangilio usibadilike kila siku. Mtoto mdogo hafuati maana kwanza, anafuata mfuatano: anajua baada ya wimbo kinakuja nini, na hapo ndipo anatulia. Wimbo, ubeti mmoja na kiitikio, dakika mbili. Andiko la mistari mitano hadi kumi, dakika moja na kitu. Swali moja, dakika mbili. Maombi ya sentensi moja moja, dakika mbili au tatu. Sala ya Bwana kwa pamoja. Baraka. Chakula.

Kuhusu wimbo: chagueni mmoja kutoka kitabu cha nyimbo cha kanisa na mkae nao mwezi mzima. Watu wazima watauchoka kwenye siku ya kumi, mtoto wa miaka mitatu ndiyo kwanza anaanza kuushika. Msiimbe beti zote tano. Na msiweke wimbo kwenye simu ili uwaimbie. Sauti ya kwaya iliyorekodiwa huwafanya watoto wawe wasikilizaji, tena mnakuwa mmeleta kioo cha simu katikati ya mkeka, ambacho wa kati atakigombania hadi "Amina".

Kwa sababu hiyo hiyo, someni kwenye Biblia ya karatasi. Kama kuna moja tu na herufi zake ni ndogo, simu itumike ikiwa kwenye hali ya ndege, mikononi mwa msomaji tu. Kwa kusoma na watoto, tafsiri ya Habari Njema ni nyepesi kuliko Union ya 1952. Kwa mistari ya kukariri ningebaki na Union, kwa kuwa ndiyo watakayoisikia ikisomwa na kunukuliwa kanisani, na Kiswahili chake kina mapigo yanayokaa kichwani. Zaburi 4:8 kwa mfano: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara, maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Mtoto wa darasa la kwanza anaushika ndani ya wiki mbili, na ni mstari wa kitandani hasa.

Msianze na Mwanzo sura ya kwanza mkisema mtafika Ufunuo. Mipango hiyo huishia kwenye Walawi, ikibahatika kufika huko. Anzeni na Injili ya Marko na Luka, visa vifupi vyenye watu wanaofanya kitu: dhoruba (Marko 4:35-41), mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia dari (Marko 2:1-12), Bartimayo (Marko 10:46-52), Zakayo (Luka 19:1-10), kondoo aliyepotea (Luka 15:3-7), shilingi iliyopotea (Luka 15:8-10), Msamaria (Luka 10:30-35). Mkimaliza, nendeni kwa Samweli akiitwa usiku (1 Samweli 3:1-10), mjane na chupa ya mafuta (2 Wafalme 4:1-7), na yule kijakazi mdogo aliyemwelekeza Naamani kwa nabii (2 Wafalme 5:1-14, hiki ni kirefu, kisimulieni kwa mdomo badala ya kukisoma). Kila kisa kikae siku mbili: siku ya kwanza kinasomwa, ya pili watoto wanakisimulia wenyewe au kukiigiza. Kwa siku nne za ibada kwa wiki, vifungu hivyo kumi tu vinawapeleka wiki tano.

Nikuonyeshe jioni moja ya dhoruba inavyokwenda. Kabla ya kusoma, wa miaka mitatu anatumwa chumbani alete mto wa kulalia. Ina sababu. Marko 4:38 katika Union inasema Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto", na mtoto wa Kibaha akisikia mto anaona Mto Ruvu. Mto ukiwa mkononi mwake, hakuna haja ya maelezo. Shetri unaisema tu ni nyuma ya chombo. Mkeka ndio chombo. Wote wanakaa juu yake, mdogo mapajani mwako. Unasoma polepole. Ukifika kwenye upepo, wa kati anapuliza na kutikisa mkeka. Mpe nafasi hiyo, ndiyo kazi yake. Ukifika "Nyamaza, utulie", unainua mkono na wote wananyamaza, hesabu hadi tano kimoyomoyo. Mkubwa, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi, anasoma peke yake maneno mawili au matatu uliyomwekea kidole: "kukawa shwari kuu". Akikwama msaidie haraka. Ibada isigeuke kuwa somo la kusoma lenye aibu.

Kisha swali. Hapa nyumba nyingi huharibu kwa kuuliza "Tumejifunza nini?" Hilo ni swali la mtihani, na mtoto mwerevu atakujibu jibu la mtihani: "Tumpende Yesu." Kila siku, kwa kila kisa, tumpende Yesu. Uliza kinachohitaji aingie ndani ya kisa: "Wewe ungekuwa kwenye chombo ungemwamsha Yesu, au ungemwacha alale?" "Nani aliogopa kuliko wote?" Akisema angemwacha alale kwa sababu amechoka, usimsahihishe. Huyo ameelewa kwamba Yesu alichoka, jambo ambalo watu wazima hulisahau. Swali ni moja, siyo matatu.

Maombi ndiyo sehemu yenye utajiri na ndiyo inayochafuliwa zaidi, kwa hiyo niikalie kidogo. Kila mtu aombe sentensi moja, kwa zamu, kuanzia mdogo anayeweza kusema. Mpe mtoto mwanzo wa sentensi: "Asante Yesu kwa…", "Nisamehe kwa…", "Nakuomba…" Wa miaka mitatu atashukuru kwa uji siku tisa mfululizo. Mwache, ameshukuru kwa kitu alichokionja. Wa miezi tisa mshike mikono, wote mseme "Amina" kwa sauti moja, na baada ya muda utamwona anangojea hilo neno.

Kinachochafua ni maombi ya kumsema mtu. "Bwana, msaidie huyu mtoto aache kukojoa kitandani." "Bwana, mguse baba yao akumbuke majukumu yake." Haya yanasemwa macho yamefumbwa, kwa sauti ya unyenyekevu, na aliyekusudiwa hana nafasi ya kujibu kwa sababu huwezi kumkatiza mtu anayezungumza na Mungu. Mtoto anayesemwa hivyo mbele ya bibi na dada wa kazi atajifunza kwamba saa ya maombi ni saa ya kuvuliwa nguo. Wekeni sheria ya nyumba: anayetajwa kwa jina katika maombi ya pamoja anatajwa kwa shukrani, au kwa shida aliyoisema mwenyewe na kuomba aombewe. Mengine unayaombea chumbani, mlango umefungwa.

Vivyo hivyo adhabu. Mtoto akivuruga, muhamishe akae karibu nawe, mpe kitu cha kushika, mpe kazi: yeye ndiye mbeba Biblia, mwenye kuzima televisheni, mtandika mkeka. Kiboko au kofi wakati wa ibada kinafuta kila kilichosomwa. "Mungu atakuchoma moto usiponyamaza" hufanya kazi jioni hiyo moja tu, kisha unakaa miaka unajaribu kuling'oa. Waefeso 6:4 inawaonya kwanza akina baba wasiwachokoze watoto, ndipo inataja malezi katika adabu na maonyo ya Bwana. Mpangilio huo wa maneno una maana yake.

Sasa baba. Mume wako kuhubiri nusu saa ni dalili nzuri iliyokaa mahali pabaya. Yuko nyumbani siku mbili, anaona deni la wiki nzima, anataka kulilipa kwa mkupuo. Usimkatize mbele ya watoto wala mbele ya mama yake. Mzungumze mkiwa wawili, siku ya mapumziko, na usimpokonye sehemu bila kumpa nyingine. Mpe baraka. Kila jioni anapokuwepo, baada ya Sala ya Bwana, anaweka mkono juu ya kichwa cha kila mtoto, mmoja mmoja, na kusema Hesabu 6:24-26: "Bwana akubarikie, na kukulinda, Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani." Kila mtoto ni sekunde kumi na tano. Hakuna hotuba itakayofanya kazi ya mkono huo kwa mtoto ambaye hamwoni baba yake siku tano kati ya saba. Hamu yake ya kufundisha itafutiwe nafasi usiku watoto wakishalala: wewe, yeye na mama, mkifuata kifungu cha Jumapili ijayo. Hapo ahubiri atakavyo.

Akiwa safarini, njia isiwe kupiga simu saa ya ibada. Mtandao unakatika, au yuko kwenye usukani mlima wa Kitonga, na dereva hapaswi kupokea simu ili kusema "Amina". Arekodi sauti ya dakika moja akiwa ameegesha, asubuhi au wakati wa chakula, yenye baraka ileile kwa majina ya watoto, mkaisikilize kabla tu ya Sala ya Bwana. Ukiacha kusomea Biblia, hii ndiyo ruhusa pekee ya simu kwenye mkeka. Watoto nao wamwombee kwa kutaja alipofika: Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma. Mkubwa anaweza kuchora barabara hiyo kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, na kila jioni wasogeze kipande cha kadibodi. Maombi ya "umlinde baba safarini" yakipata mahali pa kukaa, mtoto anayaomba kwa nguvu nyingine.

Na wewe unayebaki: ongoza. Kama mama mkwe ana wasiwasi kwamba mwanamke haongozi ibada baba akiwa hayupo, kumbuka Timotheo. Matendo ya Mitume 16:1 inasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini na baba yake Myunani. 2 Timotheo 1:5 inamtaja bibi Loisi na mama Eunike kama chimbuko la imani yake. Huyo bibi ndiye mlango wenu kwa mama. Badala ya kumweka kama mkaguzi wa ibada, mpe kazi ya Loisi: jioni moja kwa wiki, tuseme Alhamisi, asimulie kisa cha Biblia kwa mdomo, bila kitabu, na awafundishe watoto nyimbo za zamani anazozijua kwa moyo. Wanawake wa rika lake wengi wanazo nyingi kuliko mchungaji kijana. Lakini habari ya kuhamisha saa na kufupisha muda, mwanawe ndiye amwambie, siyo wewe. Maneno yaleyale yakitoka kwako yataonekana mke ameleta sheria. Yakitoka kwa mwanawe ni mipango ya nyumba.

Kuhusu binti wa kazi, jambo hili ni rahisi kuliko linavyoonekana, ila linataka kusemwa wazi mapema. Mwite pembeni siku ya kwanza, umwambie mtakuwa na ibada saa fulani, kwamba halazimiki kukaa, na kwamba hatapewa kazi dakika hizo. Saa 12:45 iko karibu sana na swala ya Magharibi. Huenda ndio wakati anaohitaji kuswali, kwa hiyo mpe mahali safi pa kufanya hivyo na mtoto asimfuate. Akipenda kukaa kwa wimbo, akaribishwe, na asiombwe aombe. Kumwacha jikoni akikoroga ugali wakati nyinyi mnasoma habari za Msamaria ni somo pia kwa watoto, na wanalielewa haraka kuliko lile la kwenye kitabu. Mshahara wake ulipwe tarehe mliyokubaliana, hata kama sadaka ya mwezi huo itapungua.

Msianze na ibada kamili. Makosa ya mara zote zilizopita, naamini, ni kuanza na kila kitu siku moja. Wiki ya kwanza: wimbo, Sala ya Bwana na baraka tu, dakika nne. Wiki ya pili ongezeni sentensi za maombi. Wiki ya tatu ndipo andiko na swali viingie. Na siku ziwe nne zenye majina: Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Siku ya jumuiya mwende na watoto jumuiyani, hiyo inatosha. Ijumaa na Jumamosi kwa nyumba yenye dereva haziaminiki. Akiwepo siku hizo, iwe nyongeza. Nne zinazofanyika zinajenga desturi; saba zinazokusudiwa zinajenga hatia.

Hatia hiyo ndiyo inayoua. Mnakosa Jumanne kwa sababu mtoto ana homa, Alhamisi umeme umekatika na mnagombana, Jumapili mmechoka. Wiki inayofuata mtu anaona aibu kuanza tena, na akianza anataka kufidia kwa ibada ndefu, ambayo inawachosha watoto, na mnarudi mlipokuwa. Dawa yake ni kuwa na ibada ya dharura iliyoandaliwa tangu mwanzo: Zaburi 4:8 kwa moyo, Sala ya Bwana, "Amina". Dakika moja, mmesimama hata gizani. Ikipita wiki bila kitu, anzeni na hiyo siku mbili kabla ya kurudi kwenye mpangilio wa kawaida. Msifidie kamwe. Umeme nao usiwe kisingizio: taa ndogo ya sola ikae palipo na Biblia.

Mdogo akianza kulia wakati wa ibada, nyonyesha papo hapo. Akiendelea zaidi ya dakika moja, ruka mbele hadi Sala ya Bwana na mfunge. Usiondoke naye ukawaacha wengine waendelee, maana ukishaondoka wewe, wa kati naye atakufuata.

Kuna sehemu nyingine ambayo hukuuliza lakini inabeba hii yote. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka maneno hayo yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Katika orodha hiyo, kuketi nyumbani ni moja kati ya nne. Uondokapo, yaani uamkapo: asubuhi mlangoni, begi likiwa mgongoni, "Bwana akubarikie na kukulinda", ukimaliza kufunga kamba za viatu. Njiani: mkipita nyumba yenye msiba, mnasimama nusu dakika kuombea. Sadaka ya Jumapili pia: mpe mtoto sarafu yake ya shilingi 200 Jumamosi jioni, alale nayo kwenye chombo chake. Ukimpa mlangoni mwa kanisa anakuwa tarishi wako tu. Akilala nayo anapata muda wa kufikiri juu ya pipi alizoziacha, na hapo ametoa.

Kubwa kuliko hayo ni msamaha. Mzazi wa watoto watatu wadogo, mwenzake yuko barabarani, atafoka. Jambo la kuangalia ni kinachofuata. Ukimfokea mtoto kupita kiasi, subiri mtulie, kisha piga magoti mwonane uso kwa uso useme: "Nimekufokea kwa hasira. Haikuwa haki. Nisamehe." Ishie hapo. Ukiongeza "lakini na wewe umezidi", umeifuta. Msimamo kuhusu kosa lake ubaki uleule. Vyombo alivyovunja atasaidia kufagia. Kuna wazazi wanaoogopa kwamba watapoteza heshima. Lakini mtoto ambaye kila jioni anasema "utusamehe" anahitaji kuona mtu mzima akilisema neno hilo kwa mtu anayeweza kumwona. Likifanyika jioni kabla ya ibada, sentensi yako ya maombi inaweza kuwa hiyohiyo, mbele ya wote, fupi.

Maombi yako mwenyewe usiyapimie kwa kipimo cha mwanamke asiye na mtoto mchanga. Unaamka saa 8 usiku kunyonyesha. Usilazimishe kusoma sura. Chukua Zaburi ya 121, ina mistari minane, mmoja kwa wiki, useme gizani wakati mtoto ananyonya. Baada ya miezi miwili unayo yote, na ni zaburi nzuri kwa mke wa dereva: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo."

Mtoto akilala katikati ya ibada, usimwamshe ili asali. Mlaze mkekani, malizeni, baba au wewe umwekee mkono wa baraka hivyohivyo akiwa amelala, kisha umwamshe ale, maana chakula anakihitaji. Akilala siku tatu mfululizo, jueni saa mliyochagua bado imechelewa. Ivuteni nyuma dakika kumi na tano.